Namna Kifaa Kidogo Kinavyosoma Mkondo wa Namba na Kutoa Tahadhari ya Mafuriko

Mvua za masika katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Katika kipindi hicho mito mifupi inayokatiza mijini, ukiwemo Mto Msimbazi unaoanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, huweza kujaa ndani ya saa chache. Msimu wa vuli nao si wa kupuuzwa, kwani mafuriko makubwa ya Dar es Salaam ya mwaka 2011 yalitokea mwezi Desemba. Mwezi Aprili 2024 ilikuwa zamu ya wananchi wa Rufiji na Kibiti mkoani Pwani, ambako maji yalifunika makazi na mashamba. Kwa mtu anayeishi bondeni, taarifa iliyomfikia nusu saa mapema humpa nafasi ya kutoa watoto, mifugo na chakula kabla njia haijafungwa.

Kijadi, kina cha mto hupimwa kwa rula ndefu iliyosimikwa ukingoni au kwenye nguzo ya daraja, na msomaji hufika kwa saa maalumu na kuandika kilichoonekana. Utaratibu huo una thamani kubwa kwa kumbukumbu za miaka mingi, lakini hauwezi kumwamsha mtu usiku wa manane. Ndiyo maana vifaa vya kielektroniki vinavyopima kina kila dakika vinazidi kutumika sehemu mbalimbali duniani. Kihisi hufungwa chini ya daraja, hutuma mawimbi ya sauti kuelekea kwenye maji, hupima muda wa mwangwi kurudi, kisha umbali huo hugeuzwa kuwa kina. Kinachotoka hapo ni namba kamili moja baada ya nyingine, bila kikomo: 342, 348, 351, 347 na kuendelea, kila moja ikiwa ni sentimita.

Wataalamu wa kompyuta huita mfuatano wa aina hiyo mkondo wa data. Tofauti yake na orodha ya kawaida ni kwamba hauna mwisho unaojulikana, na namba iliyokwisha kupita hairudi isipokuwa kama ilihifadhiwa. Swali linalomkabili mbunifu wa programu ni dogo kulitamka: kati ya namba zote zinazopita, kifaa kikumbuke zipi?

Jibu la haraka ni kukumbuka zote, na hesabu inaonyesha kwa nini jibu hilo halifai. Bodi ya Arduino Uno R3, ambayo hutumika sana kufundishia na kutengenezea vifaa vya majaribio, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu. Siku moja ina dakika 1,440. Iwapo kila kipimo kitachukua baiti 2, vipimo vya siku moja vitahitaji baiti 2,880, yaani kumbukumbu itakuwa imejaa kabla siku haijaisha. Kompyuta kubwa zaidi ingeweza kubeba mzigo huo bila shida, lakini hula umeme mwingi, na kituo cha porini hutegemea betri na paneli ndogo ya sola.

Karani anayehesabu magunia ghalani hakabiliwi na tatizo hilo, kwa sababu hajaribu kukumbuka kila gunia lilivyo. Hupiga mstari mmoja kwa kila gunia, na mistari hiyo inatosha kwa swali aliloulizwa, yaani magunia ni mangapi. Akiulizwa gunia zito kuliko yote lilikuwa na kilo ngapi, mistari haitamsaidia. Muundo wa data kwa ajili ya mkondo wa namba hubuniwa kwa mantiki hiyo hiyo, ambapo swali hutangulia na kumbukumbu hufuata.

Kwa tahadhari ya mafuriko, swali mojawapo linaweza kuwa hili: je, vipimo vitatu mfululizo vimefikia au kuzidi sentimita 350? Sharti la kuwa mfululizo lina sababu. Gogo linaloelea likipita chini ya kihisi, kichaka kilichong'olewa na maji au hata ndege aliyetua hapo huweza kurudisha mwangwi mapema na kuonyesha kina kisichokuwapo. King'ora kikilia kwa kipimo kimoja tu kitalia mara nyingi bila sababu, na wananchi waliokimbia bure mara mbili hawatakimbia mara ya tatu.

Mbunifu asiyefikiri sana atahifadhi vipimo vitatu vya mwisho na kuvikagua upya kila dakika. Njia hiyo inafanya kazi. Lakini ikiamuliwa baadaye kwamba vipimo viwe 30 badala ya vitatu, kumbukumbu na kazi ya ukaguzi vitaongezeka mara kumi. Ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kutunza namba moja tu inayoitwa kihesabio. Kipimo kikifikia au kuzidi 350, kihesabio huongezwa moja. Kikiwa chini ya hapo, kihesabio hurudishwa sifuri. Kihesabio kikifika tatu, tahadhari hutolewa.

Chukua mfano wa vipimo saba vilivyofuatana: 342, 348, 351, 347, 352, 355 na 361. Kihesabio kitasoma 0, 0, 1, 0, 1, 2 na 3. Kipimo cha tatu kilivuka mpaka, lakini cha nne kikashuka na kufuta hesabu; huenda lilikuwa wimbi. Kuanzia kipimo cha tano maji yamepanda bila kurudi nyuma, na katika kipimo cha saba king'ora kinalia. Kifaa hakikuhifadhi hata kipimo kimoja kati ya hivyo saba. Zaidi ya hayo, sharti likiwa vipimo 30 au 300, kazi inayofanyika kila dakika inabaki ile ile: linganisha mara moja, ongeza au futa, basi.

Muundo huo unaonekana kuwa mwepesi mno kiasi cha kutohitaji maelezo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkondo halisi hauna namba safi tu. Kuna dakika ambazo kipimo hakipatikani kabisa: upepo umeyumbisha kihisi, buibui amejenga utando juu yake, waya umelegea au betri imepungua nguvu. Programu nyingi hurudisha sifuri pale mwangwi usiporudi ndani ya muda uliowekwa. Kulingana na namna hesabu ilivyoandikwa, sifuri hiyo huweza kutafsiriwa kuwa mto umekauka au, kinyume chake, kuwa maji yamegusa daraja.

Tafsiri ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Tuseme vipimo ni 352, 356, kisha dakika moja bila kipimo, kisha 363. Iwapo dakika iliyokosekana itaandikwa kuwa sifuri, kihesabio kitasoma 1, 2, 0 na 1, na king'ora kitanyamaza ilhali maji yanapanda. Ikumbukwe kuwa vipimo hukosekana zaidi wakati wa mvua kubwa na upepo, yaani wakati ule ule ambao kifaa kinahitajika. Hivyo kosa hili halitokei kwa kubahatisha. Huvizia siku ya mafuriko.

Suluhisho ni kutenganisha mambo mawili: maji yako chini, na maji hayajulikani yako wapi. Kipimo kilichokosekana hupewa alama yake pekee ambayo haiwezi kuwa kina halali, kwa mfano −1. Programu ikikutana na alama hiyo huacha kihesabio cha kwanza kama kilivyo na kuongeza kihesabio cha pili kinachohesabu dakika zisizo na kipimo. Katika mfano huo hesabu itakuwa 1, 2, 2 na 3, na tahadhari itatoka. Kihesabio cha pili kikifika tano, kifaa hutuma ujumbe tofauti usemao kwamba kituo hakisomi, ili mtu atumwe kukagua au wakazi waangalie mto kwa macho. Kipimo halali kinapopatikana, kihesabio cha pili hurudi sifuri.

Hadi hapo, kila kitu ambacho kifaa kinapaswa kukumbuka ni kihesabio cha vipimo vilivyozidi, kihesabio cha vipimo vilivyokosekana, kikomo cha kila kimoja, na mpaka wa sentimita 350. Vinne vya mwanzo vinaenea katika baiti moja moja na mpaka katika baiti mbili. Jumla ni baiti sita.

Swali likibadilika, muundo nao hubadilika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia kigezo cha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24 kueleza mvua kubwa. Kigezo hicho hakiulizi kuhusu vipimo mfululizo, bali kuhusu jumla ya muda unaosogea. Saa 24 zilizopita zikihesabiwa saa nne asubuhi si zile zile zitakazohesabiwa saa nne na dakika kumi. Dakika kumi mpya zimeingia na dakika kumi za zamani zimetoka. Kihesabio kimoja hakitoshi hapa, kwa sababu ili kuondoa kilichozeeka ni lazima kijulikane kilikuwa kiasi gani.

Muundo unaofaa ni safu ya visanduku iliyopangwa kama duara. Saa 24 hugawanywa katika vipindi vya dakika kumi kumi, hivyo kupatikana visanduku 144. Pembeni hutunzwa namba mbili: jumla ya visanduku vyote, na nafasi ya kisanduku chenye kipimo cha zamani kuliko vyote. Kipimo kipya kikifika, thamani ya kisanduku hicho hutolewa kwenye jumla, kipimo kipya huwekwa mahali pake na kuongezwa kwenye jumla, kisha nafasi husogezwa mbele hatua moja. Ikifika mwisho hurudi mwanzo. Hakuna kisanduku kinachohamishwa wala namba 144 zinazojumlishwa upya. Kwa baiti mbili kila kimoja, visanduku vyote huchukua baiti 288. Ingewezekana kutumia vipindi vya dakika moja moja, lakini visanduku 1,440 vya baiti mbili vingerejesha tatizo lile lile la baiti 2,880. Kuchelewa kwa dakika kumi katika hesabu ya siku nzima ni gharama inayokubalika. Katika hesabu ya mto unaojaa kwa dakika 30 isingekubalika.

Namba zinazowekwa katika visanduku hivyo nazo zinahitaji uamuzi. Kipimamvua cha kielektroniki cha aina inayotumika sana kina vikombe viwili vidogo vilivyo kama pembea. Kimoja kikijaa hupinduka na kumwaga maji, cha pili kikachukua nafasi yake, na kila mpinduko hutoa ishara moja ya umeme. Katika vipimamvua vingi mpinduko mmoja ni sawa na milimita 0.2 za mvua. Mtu angeshawishika kuhifadhi 0.2 mara kwa mara, lakini kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo 0.2 haina mwisho, kama ambavyo theluthi moja haina mwisho katika desimali za kawaida. Kompyuta hulazimika kuikata mahali fulani. Makosa madogo ya kukata yakijumlishwa mara 250, jumla huweza kutua juu kidogo au chini kidogo ya 50. Kuhesabu mipinduko yenyewe huondoa tatizo lote, kwani milimita 50 ni mipinduko 250 kamili, na kulinganisha namba kamili hakuna utata.

Namba kamili zina mtego wao pia, na huu umewahi kugharimu roketi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya aina ya Ariane 5 ilipoteza mwelekeo na kuharibika takriban sekunde 40 baada ya kuondoka, na uchunguzi ukabaini kuwa chanzo kilikuwa namba iliyogeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16 ilhali ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa. Namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi haivuki 32,767.

Kwenye mto, kosa la aina hiyo hujificha vizuri zaidi. Tuseme mbunifu ameamua kupima kwa milimita na kutafuta wastani wa vipimo kumi vya mwisho, akihifadhi jumla katika biti 16. Maji yakiwa na kina cha milimita 3,276, jumla ni 32,760 na hesabu ni sahihi. Yakipanda milimita moja tu, jumla inapaswa kuwa 32,770, lakini namba hiyo haienei; katika vifaa vingi hujizungusha na kuwa −32,766. Kifaa kitatangaza kwamba mto uko zaidi ya mita tatu chini ya sifuri. Kitakuwa kimefanya kazi bila dosari kiangazi chote, kimekaguliwa na kupokelewa, na kitaharibika siku maji yatakapovuka mita 3.27. Dawa ni kutenga baiti nne kwa ajili ya jumla, baiti mbili za ziada tu.

Hata kihesabio cha baiti moja kilichoelezwa awali kina kasoro ya namna hiyo. Baiti moja huishia 255. Mafuriko yakidumu zaidi ya dakika 255, yaani saa nne na robo, kihesabio kitarudi sifuri katika dakika ya 256 na king'ora kitazimika katikati ya mafuriko. Inatosha kuandika kwamba kihesabio kikifika kikomo kisiongezwe tena.

Wastani nao si kipimo cha kuaminiwa kwa kila kazi. Vipimo vitano vikiwa 344, 346, 345, 900 na 347, wastani ni sentimita 456.4 kwa sababu ya gogo moja lililopita, ilhali namba ya katikati baada ya kuvipanga ni 346. Kwa visanduku vitano, kupanga ni kazi ndogo. Kwa mkondo mrefu wataalamu hutunza malundo mawili, moja la nusu ya namba ndogo na jingine la nusu ya namba kubwa, na jibu hupatikana pale yanapokutana. Lakini njia hiyo huhitaji kuhifadhi namba zote na haifai kwa kifaa cha baiti 2,048.

Kila muundo uliotajwa hutupa kitu. Kihesabio hujibu swali lake kwa baiti sita, lakini baada ya mafuriko hakiwezi kumweleza mhandisi maji yalipanda kwa kasi gani wala yalifika wapi. Kwa sababu hiyo, muundo wa kutoa tahadhari hauchukui nafasi ya kumbukumbu za muda mrefu ambazo Bodi za Maji za Mabonde huzihitaji kwa usanifu wa madaraja na ugawaji wa maji. Vipimo ghafi vinaweza kuandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kukusanywa baadaye, huku uamuzi wa papo hapo ukibaki kwenye namba chache. Kuchanganya kazi hizo mbili katika muundo mmoja ndiko huzaa vifaa vinavyojaa na kusimama.

Aidha, 350 na tatu si namba za mwandishi wa programu. Mpaka wa kina hutegemea ukingo wa mto, nyumba ya kwanza bondeni na muda unaohitajika kufika mahali salama, na hayo yanajulikana na wataalamu wa maji, kamati za maafa na wakazi wenyewe. Kazi ya programu ni kuzipokea namba hizo kama zilivyoamuliwa na kuruhusu zibadilishwe bila kifaa kuandikwa upya.

Kabla kifaa hakijafungwa darajani, hujaribiwa kwa mkondo wa namba ulioandikwa mezani, ambao majibu yake yanajulikana. Mkondo mzuri wa majaribio haujai namba za kawaida. Unapaswa kuwa na kipimo kinachokosekana katikati ya vipimo viwili vilivyovuka mpaka, dakika kumi mfululizo bila kipimo chochote, kina kikubwa kuliko kilichowahi kushuhudiwa, mafuriko ya saa tano, na gogo moja. Unapaswa pia kuwa na 350, 350 na 350. Neno "kufikia au kuzidi" linataka king'ora kilie hapo. Neno "kuzidi" peke yake linataka kinyamaze, na mara nyingi tofauti hiyo hugundulika mezani, pale aliyeandika waraka wa mahitaji na aliyeandika programu wanapokaa pamoja kusoma majibu.